Mbwa Mwenye Pembe

Kabla bahari haijapasuka, masimulizi ya Wameru hutupitisha kwanza kwa mafundi. Wahenga walikuwa utumwani Mbwaa, mahali ambapo baadhi ya wanahistoria hupahusisha na kisiwa cha Manda, Lamu. Mabwana zao, Nguo Ntune, wakawapa masharti ya kuwakomoa: leteni kiatu chenye manyoya ndani na nje, mbwa mwenye pembe, ndama wa kunya mavi meupe, na mkuki wa kufika mbinguni.

Kiatu kilikatwa kwenye ile ngozi inayoning'inia shingoni mwa ng'ombe, kwa kuwa ina manyoya huku na huku. Mbwa naye akabandikwa pembe za paa kwa nta ya nyuki. Hebu fikiria kazi hiyo: nta inalainishwa kwa joto la vidole, manyoya ya kichwani yanatenganishwa ili ishike vizuri, mbwa hataki kutulia, na mtu wa pili amemkumbatia shingo huku akimbembeleza. Ndama alibadilishiwa chakula. Mkuki tu ndio uliowashinda, basi wakatoroka. Walipofika majini, kiongozi wao Koomenjwe akayapiga kwa fimbo yake, yakagawanyika.

Mimi huiamini bahari ile kwa sababu nimekwisha kuiamini nta. Msimulizi angeanza na maji, angetupoteza. Alitupa kwanza vitu vinavyoshikika, akatuzoesha ulimwengu ambamo lisilowezekana hupatikana kwa akili na mikono, kisha akafungua pazia. Na alivyolifungua! Waliovuka usiku ndio ukoo mweusi, waliovuka alfajiri wekundu, na waliovuka jua limechomoza weupe. Umati mmoja unapita njia moja, na mwanga unabadilika juu yao. Mpiga picha yeyote wa filamu angelipa ghali kwa wazo hilo.

Ufundi huohuo naukuta katika Pumzi, filamu fupi ya mwaka 2009 ya Mkenya Wanuri Kahiu. Vita vya maji vimepita, watu wanaishi ndani ya jengo lililofungwa, nje hakuna kinachoota. Kahiu haharakishi kututoa nje jangwani. Anatuweka karibu na Asha, anayekusanya jasho na mkojo wake mwenyewe ili visafishwe viwe maji ya kunywa. Tunaona watu wakizalisha umeme kwa misuli yao juu ya mashine za mazoezi. Tunaona kifurushi cha udongo, na Asha akiunusa. Kufikia hapo koo la mtazamaji limekauka. Ndiyo maana mche mmoja mchangani, na mwanamke anayeukinga jua kwa mwili wake, vinatosha kututikisa wakati kamera inapoanza kupanda juu na mti kukua.

Hata sauti hufanya kazi hii ya kutufanya tuamini. Katika filamu ya anga za mbali Return of the Jedi ya mwaka 1983, yule rubani msaidizi mwenye mashavu makubwa aliyeketi kando ya rubani Lando, Nien Nunb, husema Kikikuyu kilichotamkwa na Mkenya, Kipsang Rotich. Kwa watazamaji wengi duniani ni lugha ya sayari ya mbali. Anayezungumza Kiembu, lugha iliyo jirani kabisa, anaelewa. Kwangu hilo haliharibu uchawi: kiumbe kile kinasikika kama mtu aliye kazini kwa sababu maneno yake ni ya lugha hai, yenye pumzi na mapigo yake.

Embu nako kuna simulizi ya Mwenendega, aliyepewa mkewe kando ya maporomoko ya Mbui Njeru. Filamu ya kisa hicho ningeianzia mbali na maporomoko: kwenye jiwe lenye ukungu, mguu unaoteleza, ngurumo inayosikika kabla maji hayajaonekana. Na ile ya Mbwaa, kijana wa Meru au Chuka atakayeshika kamera asihangaike kwanza na bajeti ya bahari. Atafute nta, pembe mbili, na mbwa mvumilivu.