Sanga katika Maandishi ya Wanahistoria na katika Ufundishaji wa Historia

Makala haya yanachunguza namna wanahistoria wa taaluma walivyolishughulikia eneo la Sanga, kando ya Ziwa Kisale, katika jimbo la Haut-Lomami ambalo makao yake makuu ni Kamina, na namna matokeo ya kazi yao yanavyofaa kufikishwa darasani. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba udhaifu mkubwa hauko katika uchimbuzi wenyewe. Uko katika daraja lililojengwa baadaye kati ya makaburi na masimulizi ya wafalme wa Waluba, daraja ambalo mihimili yake ni michache kuliko inavyodhaniwa.

Uchimbuzi wa kwanza ulifanywa mwaka 1957 na 1958 na Jacques Nenquin pamoja na Jean Hiernaux. Pierre de Maret alirejea Sanga mwaka 1974, na mwaka uliofuata akachimba Kamilamba, Kikulu na Malemba-Nkulu. Katika bonde zima la Upemba yamekwisha kuchunguzwa makaburi takriban 300, na zaidi ya nusu yake ni ya Sanga. Ripoti zilichapishwa Tervuren, nchini Ubelgiji: ya Nenquin mwaka 1963 kwa Kiingereza, ya Hiernaux na wenzake mwaka 1971 kwa Kifaransa, za de Maret mwaka 1985 na 1992, nazo pia kwa Kifaransa. Kwa hiyo, kati ya jembe la mwaka 1975 na kitabu chake ilipita miaka 17. Mwalimu wa Bukama au Kamina aliyefundisha katika miaka hiyo hawezi kulaumiwa kwa kutojua yale ambayo hayakuwa yamechapishwa.

Sifa ya kazi ya de Maret ni kupanga wakati. Hapo awali vilitajwa vikundi vitatu vya vyungu, na haikuwa wazi kama vilifuatana au viliishi pamoja. Baada ya uchimbuzi wa 1974 na 1975, mfuatano ulidhihirika: kwanza kipindi cha Kamilamba, kuanzia karne ya 5 hivi, kisha Kisale ya kale, kuanzia karne ya 8, kisha Kisale ya kilele, yenye makaburi yaliyojaa vyungu, vyuma, mapambo ya shaba, pembe za ndovu, na hata kauri chache zilizotoka Bahari ya Hindi, na hatimaye kipindi cha Kabamba, kilichofika karne ya 18. Katika kipindi hiki cha mwisho marehemu walizikwa na misalaba ya shaba. Misalaba hiyo ilizidi kuwa midogo na kufanana kwa ukubwa kadiri karne zilivyopita, na de Maret akaona humo mabadiliko ya kitu cha fahari kuwa fedha. Hoja hiyo ni miongoni mwa hoja bora zilizowahi kutolewa kuhusu uchumi wa kale wa Katanga, kwa sababu inasimama juu ya vitu vinavyopimika.

Hata hivyo, majina ya vipindi hivyo yanahitaji tahadhari ya kiisimu. Yametokana na majina ya maziwa na vijiji, yakavishwa kiambishi cha Kifaransa. Anayeyahamishia katika Kiswahili bila kufikiri huangukia mtegoni mwa ngeli. Akisema "Wakisale" ameumba kabila ambalo hakuna aliyelisikia. Akisema "Kikisale" ameumba lugha. Maneno "kipindi cha Kisale", kwa kutumia kihusishi cha -a peke yake, hayasemi zaidi ya yale ambayo ushahidi unaruhusu. Jambo hili si dogo: mwanafunzi akishapewa kabila, atataka mfalme wake.

Na mfalme yupo tayari. Masimulizi ya Waluba yanamtaja Nkongolo mkatili, mwindaji Mbidi Kiluwe aliyetoka mashariki, na mwanawe Kalala Ilunga aliyeshika utawala. Katika kaburi moja la Kamilamba, la Kisale ya kale, lilipatikana shoka la heshima ambalo mpini wake ulipambwa kwa misumari, pamoja na fuawe karibu na fuvu la marehemu. Kwa Waluba, chombo kiitwacho nyundo hufanya kazi ya nyundo na fuawe kwa pamoja, nacho kina nafasi katika kumsimika mtawala. De Maret ana haki ya kusema kwamba ishara za utawala zina umri wa miaka zaidi ya elfu katika bonde hilo, na kwamba utamaduni wake haukukatika. Asichothibitisha mtu yeyote ni kwamba aliyezikwa Kamilamba alitawala chini ya majina yale, au kwamba palikuwa na dola moja. Ishara hudumu hata pale watawala wanapobadilika.

Wanahistoria wa masimulizi nao hawakukubaliana. Jan Vansina, katika kitabu chake cha mwaka 1965 kuhusu falme za savana, aliyatumia masimulizi hayo kuunda upya mwanzo wa dola. Luc de Heusch, mwaka 1972, aliyasoma kama visasili, mfumo wa fikra na wala si kumbukumbu ya matukio. Thomas Reefe, mwaka 1981, aliona ndani yake hati ya kuhalalisha utawala. Msimamo wa Reefe ndio wenye nguvu zaidi. Masimulizi humpa Mbidi na ukoo wake sifa ya kuleta ustaarabu wa utawala na uhunzi, ilhali chuma kilitumika Upemba tangu kipindi cha Kamilamba. Anayetaka kuyasoma kama tarehe itambidi amrudishe Mbidi nyuma karne nyingi, hadi mahali ambapo hakuna orodha ya wafalme inayoweza kumfuata.

Mgongano huu ndio unaofaa kufundishwa, badala ya hadithi moja iliyoshonwa. Kikwazo ni lugha. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa katika katiba ya mwaka 2006, na Kiluba cha Katanga hakimo katika orodha hiyo. Lakini ripoti za Sanga hazisomeki katika lugha yoyote kati ya hizo mbili. Wala haiwezi kudaiwa kwamba Kiswahili cha Katanga hakimudu uandishi wa historia. Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili historia ya Elisabethville kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumbani, maandishi ambayo Johannes Fabian aliyachapisha mwaka 1990. Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alimsimulia Fabian, kwa Kiswahili, historia ya nchi nzima kwa picha takriban 100 katika miaka ya 1973 na 1974.