Picha za Waliohamishwa: Ushahidi wa Wachoraji wa Palestina

Kila sifa njema ni ya Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, huenda ukashangaa kuona kurasa za fiqhi na tarehe zikizungumzia wachoraji. Hukumu ya kuchora viumbe wenye roho ni mashuhuri. Imam an-Nawawi, tegemeo letu sisi Mashafii, ameharamisha jambo hilo katika sharhi yake ya Sahihi Muslim, picha iwe na kivuli au isiwe nacho. Miongoni mwa Wamaliki wapo walioona isiyo na kivuli ni makuruhi. Hatukusudii kuifungua upya mas-ala hiyo. Swali letu ni jingine: watu waliotolewa majumbani mwao wakiweka ushahidi wao katika picha, je, inatujuzia kuufumbia macho?

Tuanze na Ismail Shammout, mzaliwa wa mji wa Lydda. Mwezi wa Julai 1948, akiwa kijana wa miaka 18, alifukuzwa mjini humo pamoja na maelfu ya watu, wakatembezwa juani, na wapo waliokufa kwa kiu njiani. Mwaka 1953 alionyesha picha zake Gaza. Iliyo mashuhuri zaidi jina lake ni “Kuelekea Wapi?”: mzee amembeba mtoto begani, wa pili amemshika mkono, wa tatu anafuata nyuma akilia. Hakumchora askari wala bunduki. Ameacha swali tu, na hiyo ndiyo nguvu yake.

Lakini njia hii ina kasoro. Wengi waliokuja baadaye walikariri alama zile zile: ufunguo, mzeituni, mwanamke aliyevaa kanzu ya darizi. Alama ikikaririwa mno hugeuka pambo, na pambo halitoi ushahidi.

Naji al-Ali, aliyekulia kambi ya Ain al-Hilweh huko Lebanon, alikuwa mkali zaidi. Mwaka 1969, akiwa Kuwait, alimchora Handhala, mtoto wa miaka 10 ambaye umri wake haukui mpaka arudi kwao. Baadaye akamgeuza, akatupa mgongo. Hatudai kwamba kugeuzwa huko kunaondoa hukumu, kwani kichwa kipo. Tunasema maana yake imetufikia. Kalamu yake haikuwahurumia watawala wa Kiarabu wala viongozi wa Wapalestina wenyewe. Alipigwa risasi London Julai 1987, akafa mwezi uliofuata.

Wa tatu ni Sliman Mansour. Mwaka 1973 alichora mzee mchukuzi aliyebeba mji wa Quds mgongoni, picha iliyotundikwa katika nyumba nyingi. Ilipozuka Intifadha mwaka 1987, yeye na wenzake wakasusia rangi na vifaa vilivyotoka Israel. Wakageukia vya nchini mwao: udongo, makapi, hina, ngozi na mbao. Udongo ulipokauka ulipasuka, naye Mansour akaziacha nyufa zionekane.

Kwa maoni yetu, hapa ndipo sanaa yao ilipofika mbali zaidi. Shammout alituchorea mgawanyiko wa nchi, lakini katika kazi za Mansour mgawanyiko umo ndani ya udongo wenyewe, wala haukuhitaji uso wa mtu. Anayetahadhari na picha za wenye roho ataziangalia nyufa hizo bila wasiwasi, na habari ataipata.

Katika madrasa zetu tumesomesha kufunguliwa kwa Baytul-Maqdis zama za Sayyidna Umar (R.A.), na kukombolewa kwake na Salahuddin mwaka 583 H. (1187). Tukifika 1948, wengi wetu hunyamaza. Wachoraji hawa hawakunyamaza. Mwenye kukataa picha na aikatae kwa dalili, lakini tarehe iliyomo aisomeshe, kwani ushahidi ni amana.

Wallahu a'lam.