Jiwe, Maji na Mmea: Uhakiki wa Nyua za Mwanza

Uhakiki umezoea kukaa na vitabu, lakini ua wa nyumba nao ni utungo. Mwenye nyumba huchagua, hupanga, huacha na hukataa, kama mshairi afanyavyo na maneno. Na kama mshairi, aweza kusema kweli au kusema uongo. Makala haya yanakusudia kuzipima nyua za Mwanza, kandokando ya Ziwa Victoria, kwa vitu vitatu vinavyozipamba, na kuuliza swali moja: je, uzuri wa ua hukomea ukutani?

Na tuanze na jiwe. Mwanza imekalia itale, yaani granaiti, mwamba wenye umri upatao miaka milioni 2,500 au zaidi. Udongo uliokuwa juu yake ulichukuliwa na mvua za zama nyingi, yakabaki majabali ya mviringo yaliyopandana. Jiwe la Bismarck, lililopewa jina la waziri mkuu wa Ujerumani katika siku za utawala wa Wadachi, limesimama majini juu ya wenzake, wala hakuna fundi ambaye angethubutu kulipanga hivyo. Katika vilima vya mji huo, nyumba nyingi za watu wa kawaida zimeegemezwa kwenye majabali. Jabali huwa ukuta wa nyuma, uwanja wa kuanikia nafaka na dagaa, na kivuli cha alasiri. Aliyejenga hivyo alimtii aliyemtangulia.

Nyua nyingine hutungwa kinyume. Mwamba hupashwa moto mpaka upasuke, mabaki yake hupondwa kwa nyundo yakawa kokoto, na kiwanja husawazishwa kama meza. Kisha mawe madogo hununuliwa, hupakwa rangi nyeupe, na hupangwa kandokando ya njia yawe pambo. Hii ni sawa na kuichana kasida na kutundika vipande vyake ukutani. Lawama haimwangukii mama anayeponda kokoto juani ili watoto wake wale. Inamwangukia mwenye uwezo wa kuchagua, akachagua vibaya. Huko Kyoto, katika bustani ya hekalu la Ryoanji, Wajapani waliweka mawe 15 tu juu ya changarawe, na watu husafiri kutoka pembe zote za dunia kwenda kuyatazama. Mkazi wa Mwanza amepewa mengi kuliko hayo bila ya gharama.

Maji ni mtihani wa pili, na ni mgumu kuliko wa kwanza, kwa sababu maji hayakai yalipowekwa. Mvua za vuli na za masika zinaponyesha, kila ua wa mlimani humwagia ua ulio chini yake. Ua uliosakafiwa wote kwa saruji hung'aa na kupendeza, lakini haunywi hata tone. Maji yake humwendea jirani kwa kasi, huchimba msingi wa nyumba yake, hukokota takataka mpaka Mto Mirongo, na mto huzifikisha ziwani. Katika ua kama huo aghalabu utaona chemchemi ya kubuni, irushayo maji juu kwa nguvu za umeme, hali ziwa lenyewe laonekana dirishani na majirani wa juu wanapandisha maji kwa ndoo kichwani. Umeme ukikatika, birika hutuama na mbu huzaliana. Ukuta mfupi wa mawe uliofuata mzingo wa mlima, mfereji wenye changarawe, na tangi la kukingia maji ya paa havina majivuno, lakini hufanya kazi, na jicho lililozoea huona uzuri wake.

Kwa habari ya mimea, ziwa limekwisha kutoa ushahidi wake. Gugu maji asili yake ni Amerika ya Kusini. Lilichukuliwa nchi hata nchi kwa sababu ya ua lake la zambarau, likawa pambo la mabirika ya bustani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 lilionekana katika Ziwa Victoria, na katika miaka ya 1990 lilifunika ghuba nyingi, likazuia mitumbwi na kuziba bandari, mpaka ikabidi fukusi waletwe walile. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni huyu alimwuguza mwenyeji wake. Hata hivyo ugeni peke yake si kosa, maana mgomba nao ulitoka Asia. Katika riwaya ya Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyoimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945 na ambayo tafsiri yake mwenyewe ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1980, Myombekere hawezi kumrudisha mkewe Bugonoka pasipo kuwapelekea wakwe pombe ya ndizi. Mgomba ulio karibu na nyumba waibeba hadithi. Kadhalika minyaa ya Wasukuma ni boma na mpaka kwa pamoja, nayo huvumilia kiangazi bila kunyweshwa.

Yamkini msomaji atasema kwamba bustani ni ya kuburudisha moyo, na kwamba kuidai faida ni kuionea. Burudani ni haki, na bugenvilia mlangoni haimdhuru mtu. Lakini burudani ya mmoja isiyojali hasara ya mwingine ni sanaa pungufu, kama wimbo mtamu wenye matusi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mwezi Mei 2020 maji yalipopanda yakakipita kidogo hata kimo cha mwaka 1964, wengi waliong'oa matete na mafunjo ili wapate mandhari waliyaona mawimbi yakiingia uani mwao.

Kwa hiyo mhakiki wa ua asisimame langoni peke yake. Na ateremke mpaka kwa jirani wa chini, kisha mpaka ufukweni, ndipo atoe hukumu.