Mazoezi Mafupi ya Uandishi na Uchoraji katika Kujenga Ufahamu wa Kusoma: Mfano wa Riwaya ya Kusadikika

Uhakiki huu unajadili nafasi ya mazoezi mafupi ya uandishi na uchoraji katika kujenga ufahamu wa wanafunzi wanaosoma Kusadikika, riwaya ya Shaaban Robert iliyochapishwa mwaka 1951. Hoja yake kuu ni kwamba zoezi hujenga ufahamu pale tu linapomlazimu mwanafunzi kuirejea matini. Lisipofanya hivyo, hubaki kuwa pambo la daftari.

Mahali ambapo Kiswahili huzungumzwa kila siku, ni rahisi kudhani kwamba mwanafunzi asomaye kwa sauti bila kukwama ameelewa alichokisoma. Maswali ya ufahamu yaliyozoeleka huiimarisha dhana hiyo. Swali likiuliza ni nani aliyemshitaki Karama, mwanafunzi huitafuta sentensi inayotaja mashitaka na kulinakili jina la Majivuno. Jibu ni sahihi na alama hutolewa. Lakini halithibitishi kwamba ameelewa kwa nini kuanzisha elimu ya uanasheria kulihesabiwa kuwa kosa.

Mwanafunzi akitakiwa kuchora nchi ya Kusadikika pamoja na safari za wajumbe wake sita, kunakili hakumsaidii. Safari za mashariki, magharibi, kaskazini na kusini huingia katika karatasi bila taabu. Safari ya mbinguni na ile ya ardhini hazina mahali katika ramani ya kawaida. Hapo hana budi kurudi kitabuni na kutambua kwamba nchi anayoichora imening'inia angani, na kwamba msomaji hatakiwi kuitafuta katika atlasi. Hata kosa la mchoro lina faida. Anayeizungushia Kusadikika mipaka ya mito na milima humwonyesha mwalimu mahali hasa ufahamu ulipokatikia, jambo ambalo jibu la kunakili hulificha.

Hata hivyo, mchoro una mipaka yake. Huonyesha njia za wajumbe, lakini hauelezi kwa nini Karama, akiwa kizimbani, anasimulia habari za watu wengine. Kazi hiyo ni ya uandishi. Zoezi la sentensi mbili kwa kila mjumbe, moja ikitaja alichorudi nacho na nyingine ikitaja malipo aliyopewa, humfikisha mwanafunzi kwenye takriri iliyoibeba riwaya: heri huletwa, na mletaji hufungwa. Akiisha kuiona takriri hiyo, anaweza kuandika kwa maneno yake jinsi visa hivyo vinavyogeuka kuwa utetezi, kwa kuwa nchi isiyo na wanasheria imewaadhibu watumishi wake bila kuwasikiliza. Vivyo hivyo, uhusiano wa riwaya na Tanganyika iliyokuwa chini ya utawala wa Uingereza hauchoreki. Hujengwa kwa hoja.

Udhaifu mkubwa wa mbinu hii umo katika usahihishaji. Mwalimu akitoa alama kwa uzuri wa mistari, atamtuza mwenye kipaji cha kuchora na kumwonea msomaji makini mwenye mkono mzito. Kigezo kinachofaa ni ushahidi: kila sehemu ya mchoro na kila sentensi viambatane na ukurasa unaovithibitisha. Kigezo hicho hupunguza pia mzigo katika madarasa yenye wanafunzi wengi, kwani sentensi mbili zenye namba za kurasa husahihishwa upesi kuliko insha.

Kwa hiyo, uchoraji na uandishi havipaswi kuchukuliwa kuwa mbadala wa usomaji wala mapumziko baada yake. Mchoro hufichua kilichoeleweka visivyo, uandishi hudai sababu, na vyote viwili humrudisha mwanafunzi katika usomaji wa pili. Mtihani unaotosheka na jina la Majivuno hauna njia ya kujua kama usomaji huo ulifanyika.