Manju na Wapokeaji Wake

Kila warsha ya wanaharakati niliyowahi kuhudhuria ina dakika zake kumi za mchezo. Huja baada ya chakula cha mchana, wali na kuku vikiwa vimeshaanza kufunga macho ya watu. Mwezeshaji anapiga makofi: "Jamani, tusimame kidogo, tuchangamke!" Tunasimama. Tunajinyoosha, tunaimba wimbo wa chekechea wa kugusa kichwa na magoti, tunapigiana makofi ya kilo, tunacheka kwa adabu, kisha tunaketi na kulirudia bango kitita. Mchezo umekwisha. Umefanya kazi yake, nayo ni kufukuza usingizi.

Sina ugomvi na wawezeshaji. Wengi wao ni watu wema, na saa nane mchana ni saa ngumu kwa kila mtu. Kinachonisumbua ni jinsi tulivyoupunguza mchezo hadi ukabaki dawa ya usingizi, tena katika kazi inayowamaliza watu kuliko kazi nyingi ninazozijua. Dada mmoja niliyemfahamu alikuwa akipokea kesi za wanawake waliopigwa majumbani. Alikuwa hodari, na alikuwa na maneno ya kumchekesha hata askari wa zamu. Baada ya miaka kadhaa, simu yake ikilia aliigeuza kifudifudi mezani na kuendelea kunywa chai. Haukuwa uvivu, wala hakuacha kuamini kwamba wale wanawake wana haki. Alikuwa amekwisha. Ofisi ikampa likizo, akaenda kwao, akalala, akarudi, na simu akaikuta palepale. Muda si mrefu akaacha kazi na kufungua duka la vitenge. Wenzake walimsema sana. Mimi nilichokiona ni kwamba vichekesho vyake vilitangulia kuondoka, miezi mingi kabla ya yeye mwenyewe, na hapakuwa na mtu pale ofisini ambaye kazi yake ilikuwa kuligundua hilo.

Zamani kazi hiyo ilikuwa na mwenyewe. Aliitwa manju, kiongozi wa nyimbo za ngoma.

Nazungumzia manju wa ngoma za wanawake wa pwani, na hasa bibi mmoja wa mtaani kwetu Magomeni, ambaye nilimkuta akiwa mtu mzima tayari, mwembamba, kanga mbili, na sauti iliyoanza kukwaruza. Watu walimsifu kwa kutunga. Kutunga alijua, lakini katika wanawake wale waliojua kutunga walikuwa wengi, na wengine walimzidi kwa mafumbo. Ufundi wake ulikuwa mahali pengine, na ili kuuona ilibidi ufike uwanjani mapema, kabla ya wimbo wa kwanza, wakati ngoma zinaoteshwa moto.

Moto wenyewe ulikuwa wa makuti makavu, unaowaka haraka na kufifia haraka. Mpiga chapuo huigeuza ngoma yake polepole juu ya ndimi za moto. Akiisogeza mno, ngozi itapasuka. Akiiweka mbali mno, atachelewa. Anaibofya ngozi kwa kidole, anaigonga mara moja, anainamisha sikio, anairudisha. Na kazi haiishii hapo, kwa sababu usiku wa pwani una umande. Ngoma iliyoanza ikilia kwa sauti kavu, ikifika saa tano inalegea, sauti inakuwa nzito, inazama. Hapo hutolewa uwanjani ikapelekwa tena motoni. Wala uwanja hausimami. Msondo unaendelea, vumi linaendelea, chapuo la pili linaingia kushika nafasi. Yule mpigaji anachuchumaa kando ya moto, anavuta sigara yake, anapiga soga na watoto, na hakuna anayemwuliza kwa nini ameondoka, au kama bado anaipenda ngoma.

Bibi yule aliwatazama wanawake wake kwa jicho lilelile. Alijua nani kafiwa wiki ile, nani kaachwa, nani ana mimba changa na hajamwambia mtu. Wa namna hiyo hakumtoa mstari wa mbele kwa kumwambia apumzike, maana angejiona kafukuzwa. Alimpa upatu aupige, au alimweka kati ya wanawake wawili wenye sauti pana, akaimba humo ndani bila kusikika na bila kukosekana. Mwenyewe alianzisha wimbo, akaenda nao beti kadhaa, na sauti ikianza kumchokoza koo alimgusa bega aliyekuwa kulia kwake. Yule akapokea palepale, katikati ya mstari, na msikilizaji asiye makini asingejua kwamba kinywa kimebadilika. Bibi akaenda pembeni, akanywa tangawizi, akarudi na kijembe kipya alichokitunga kwenye benchi, kikimhusu mwenye nyumba fulani au karani fulani, na wanawake wote wakaangua kicheko hadi wengine wakashika magoti. Nilidhani vile vijembe ni pambo la wimbo. Baadaye niliona vinakuja wakati maalumu: pale duara lilipoanza kulegea, pale miguu ilipoanza kuburutwa mchangani.

Namkumbuka binti mmoja wa jirani aliyekuwa mstari wa mbele katika kudai maji ya bomba mtaani. Alipita asubuhi moja kumwamkia bibi, sauti imemkauka kabisa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Sauti umeipeleka wapi?"

"Tulikuwa na mkutano jana bibi, wa maji. Nimeongea tangu saa tisa mpaka magharibi."

"Peke yako?"

"Wenzangu walikuwepo."

"Walikuja kudai maji, au walikuja kukutazama wewe?"

Binti alicheka, akakaa. Sijui kama alilichukua neno lile. Mimi nililichukua.

Na si neno la barazani tu, kwani historia ya nchi hii imepita njia hiyo. TANU ilianzishwa tarehe 7 Julai 1954, na mwaka uliofuata ilimpa Bibi Titi Mohamed kazi ya kuwaingiza wanawake chamani. Bibi Titi alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba kabla hajawa msemaji wa jukwaani. Hakuanza kwa kugawa vijitabu. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma vya Dar es Salaam, wanawake aliojuana nao kwa kushindana na kutaniana, nao wakaja na watu wao. Mwanahistoria Susan Geiger, aliyewahoji wengi wao na kuchapisha kitabu chake mwaka 1997, anawaonyesha walivyokuwa: wengi watu wazima tayari, wengi wamepitia talaka, wachuuzi wa maandazi, wapika pombe, wasio na cheti cha shule. Katika miezi michache maelfu yao walikuwa na kadi.

Vitabu husimulia habari hii kama habari ya mtandao. Ngoma ilikuwa na watu wengi, chama kikahitaji watu wengi, basi. Ni kweli, lakini ni nusu. Kupata kadi ni kazi ya siku moja. Toka 1955 hadi siku ya uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, ni miaka sita ya kuchanga, kupikia wageni, kuficha barua, kugombana na waume, kuzuiwa mikutano. Nadhani wanawake wale walimudu kwa sababu hawakuiacha ngoma walipoingia chamani. Waliingia nayo. Walikuwa wameshazoea kuchangiana sanda na kuuguzana uzazi. Walikuwa na sare zao za kanga, mtunza fedha wao, vyeo vyao vya mzaha na vya kweli. Anayeanguka aliangukia mikono iliyokuwa tayari imenyooshwa kwa sababu nyingine. Siasa iliwakuta wanajua kupokezana.

Nisizipambe ngoma kupita kiasi. Zilikuwa na fitina. Ngoma za beni za Dar es Salaam, Marini na Arinoti, zilishindana kwa fahari na kwa fedha, na ngoma za wanawake nazo zilikuwa na madeni, matusi ya mafumbo, na ndoa zilizovunjika kwa sababu ya wimbo mmoja. Bibi yetu mwenyewe alikuwa na mahasimu wa Ilala ambao hakuwahi kuwasamehe, na sidhani kama alijaribu. Lakini hata uhasimu ule ulikuwa na uwanja wake na siku yake. Ulichezwa.

Wenye mamlaka wameuelewa mchezo kuliko sisi tunaowapinga. Kule Kamĩrĩĩthũ, Limuru, nchini Kenya, wanakijiji, wengi wao wafanyakazi wa viwandani na mashambani, walijijengea jukwaa la wazi na kucheza tamthilia ya Kigĩkũyũ iliyoandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii. Mazoezi yalifanyika hadharani, na mpita njia aliruhusiwa kusimama na kumsahihisha mchezaji: mzee haongei hivyo, mfagizi hashiki ufagio namna hiyo. Maonyesho yalianza Oktoba 1977. Novemba kibali kikafutwa. Tarehe 31 Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akachukuliwa na kuwekwa kizuizini. Mwaka 1982 polisi wakaja kulibomoa jukwaa lenyewe. Serikali haitumi polisi kuangusha mbao kama inadhani mbao zile ni za burudani.

Huku kwetu walikuwepo waliojaribu kuurudisha ufundi wa manju kwa njia ya shule. Kina Penina Mlama na Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianzisha mradi wa Tuseme mwaka 1996, wasichana wa sekondari wakaigiza wenyewe yanayowasibu, kisha wakayajadili. Ninaisifu kwa jambo moja hasa: msichana aliyeshindwa kusema kwa kinywa chake alisema kwa kinywa cha mhusika. Mzigo ukahamia kwa mwingine kwa muda wa onyesho. Bibi wa Magomeni angelitambua hilo mara moja.

Na Nairobi, Juni 2024, vijana walipotoka kuupinga muswada wa fedha, mchezo ulitoka nao bila kualikwa: mabango ya utani, nyimbo zilizopinduliwa maneno, watu wakicheza mbele ya gari la maji ya kuwasha. Tarehe 25 waliingia Bungeni, na wengine waliuawa kwa risasi siku hiyo. Kesho yake Rais alikataa kuutia muswada sahihi. Utani ule uliwapa watu miguu ya kurudi barabarani baada ya usiku wa hofu, na sina la kuwafundisha waliofika pale. Lakini kuimba kwa siku chache na kuimba kwa miaka sita ni mambo mawili, na baada ya umati kutawanyika, mzigo wa mazishi, kesi na watu waliotekwa ulibaki kwa majina machache yaleyale ambayo kila simu iliyatafuta. Ni nani alikuwa akiwagusa bega hao?

Sisi wa mashirika tunajibu kwa lugha ya bajeti. Tuna kipengele cha "ustawi wa watumishi", siku moja ya mwaka, hotelini ufukweni, na mtaalamu anayetufundisha kuvuta pumzi. Sikatai, pumzi ni kitu kizuri. Tukirudi Jumatatu, msemaji ni yuleyule, mwandishi wa ripoti ni yuleyule, anayeamkia kituo cha polisi ni yuleyule, na anayeweza kupokea katikati ya mstari hajafundishwa, kwa sababu kumfundisha huchukua miaka ya kukaa kulia kwa mtu na kumsikiliza anavyopumua. Tumepata viongozi wenye sauti kubwa. Waitikiaji tumewageuza hadhira, tena hadhira iliyosaini karatasi ya mahudhurio na kulipwa nauli.

Lililoniudhi zaidi nililiona kwenye kongamano moja kubwa la haki za wanawake. Kikundi cha ngoma kiliitwa kufungua. Walikuja kina mama kwa basi dogo, na ngoma zao na sare zao, wakawekwa nje ya ukumbi tangu saa moja asubuhi. Mahali pa kuwasha moto hapakuwepo, kwa hiyo ngoma zilipigwa zikiwa zimelegea. Waliingia wageni walipokaa, wakaimba wimbo mmoja, na manju wao alikuwa bado hajapata hata kuanzisha wa pili mshereheshaji aliposhika kipaza sauti na kusema tuwapigie makofi. Wakatolewa. Wakapewa soda, wakakaa kivulini kusubiri malipo. Ndani, mada ya kwanza ilihusu uchovu wa wanaharakati. Mtoa mada, mtu msomi na mwenye nia njema, alitueleza kwa michoro kwamba tunahitaji vikundi vya kuegemeana, kugawana majukumu, kicheko, na viongozi wanaojua kuusoma uchovu kabla haujasema. Nilimsikiliza huku nikiwaona kina mama wale kupitia dirishani.

Bibi wa Magomeni amekwishafariki, na nyimbo zake hazikuandikwa popote. Binti wa kulia kwake, aliyekuwa akiguswa bega, naye ni mtu mzima sasa, anauza mihogo ya kukaanga, na harusi za mtaa siku hizi zinakodi spika. Mamanju wa aina yake bado wapo Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja, wachache na wazee. Mashirika yetu yana namba zao za simu. Wanapigiwa wanapohitajika kutumbuiza, na sijaona hata mmoja wao aliyeandikwa kwenye ratiba kama mwezeshaji.