Vyombo vingi, TV moja: namna ya kuipima kazi ya fundi

Kazi ya kuunga deki, DVD na king'amuzi kwenye televisheni yenye tundu moja hupimwa vyombo vyote vikiwa vimewashwa. Kikiwashwa kimoja peke yake, hata kazi mbovu inaweza kutoa picha ya kupendeza, na mwenye kibanda cha video akalipa kabla ya wakati.

Haja yenyewe ilizidi Malindi na Kilifi, kama kwingineko Kenya, matangazo ya analogi yalipozimwa mwaka 2015. King'amuzi kikawa hakikwepeki, na kwenye TV za mgongo kikakalia matundu ya AV yaliyokuwa ya deki. Njia ya mkato ni jeki ya njia mbili, au waya mbili kusokotwa na kulehemiwa pamoja. Sauti huenda ikavumilia, picha haivumilii. Waya ya manjano hubeba mawimbi ya volti 1 hivi, yaliyopangiwa ukinzani wa omu 75. Chombo cha pili kikiungwa papo hapo hunyonya sehemu ya nguvu hiyo, na picha hufifia. Vikiwashwa vyote viwili, picha huyumba, na kivuli cha sinema hupita nyuma ya wachezaji mpira. Fundi anayesema hilo ni kosa la TV hafai kurudiwa.

Kazi nzuri huipa kila picha njia yake, kwa kawaida kupitia swichi ya AV. Swichi ya kuaminika huhamisha manjano, nyeupe na nyekundu kwa pamoja, na kitufe chake hukaa kinapobonyezwa. Ipo namna rahisi ya kuijaribu: chagua tundu lisilo na kitu huku vyombo vingine vikicheza, kisha ongeza sauti. Ikisikika taarabu kwa mbali, swichi inavuja.

Wengine huipitisha DVD ndani ya deki ya kanda. Mwanga ukipanda na kushuka wenyewe, deki si mbovu: diski nyingi zina kinga dhidi ya kunakiliwa, nayo huivuruga deki. Kwa TV yenye tundu la antena pekee, moduleta ndiyo dawa, nayo isikae kwenye chaneli inayotumiwa na chombo kingine. Kigeuzi cha HDMI kwenda AV kiwe na umeme wake wa volti 5; kisipopewa, mara nyingi skrini hubaki nyeusi.

Pwani kuna mtihani mwingine: chumvi. Karibu na bahari, jeki za bei ya chini huota ukijani, na picha hukatika waya inapoguswa. Kwa hiyo kila jeki huzungushwa taratibu ikiwa mahali pake. Picha ikirukaruka, jeki ibadilishwe. Waya za picha zisilazwe sambamba na za umeme, kwani huko ndiko mvumo mwingi unakoanzia, na kila moja iandikwe jina la chombo chake kwenye ncha zote mbili.