Yoyo na Jumapili ya Mwisho

Tango la Kipolandi liitwalo "To ostatnia niedziela", yaani Hii ni Jumapili ya Mwisho, lilitungwa na Jerzy Petersburski mwaka 1935, na Mieczysław Fogg akalipatia sifa kwa sauti yake. Kila nilisikiapo huikumbuka yoyo ya mti niliyoichezea utotoni. Ukumbusho huu hautoki katika maneno, kwani maneno yasimulia mpenzi aombaye Jumapili moja tu na mwenziwe kabla ya kutengana. Watoka katika kiitikio, ambacho huenda zake kikarejea, kama yoyo ipandavyo uzi wake hadi kiganjani.

Lakini yafaa mhakiki ajihadhari na utamu huo. Kiitikio hurejea, na kila kirejeapo hutangaza kwamba siku ile haitarejea. Uzito wa wimbo umo katika mgongano huo. Tena Warsaw, mji uliocheza tango hilo, uliteketezwa mwaka 1944, na wakazi wake wengi waliangamia vitani. Msikilizaji akiishia kwenye yoyo yake, amejisikiliza mwenyewe. Utoto wetu waweza kutufikisha mlangoni pa wimbo. Kuingia ndani ni kazi ya uhakiki.